Mzee wa Ngaramtoni, Maboksi Matatu na Meza Iliyostaafu

Maboksi matatu, mzee mmoja, na miezi minne ya "nitakujibu kesho, mwanangu."

Ndivyo ilivyokuwa kwenye nyumba moja ya Ngaramtoni, ile njia ya kupandisha kuelekea Olmotonyi. Asubuhi mawingu yakiwa yamefunguka, ukisimama uani Mlima Meru unauona wote. Binti wa nyumba hiyo yuko Baltimore, Marekani, ni nesi. Mwezi wa tano alituma picha tatu kwenye simu ya mama yake, maana mzee mwenyewe anatumia kitochi. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mwambie baba achague moja, nitalipia. Desemba kuna mtu anakuja, atambebea."

Kazi ya mzee ilikuwa kugusa picha moja na kusema "hili hapa." Mpaka mwezi wa tisa alikuwa hajasema.

Picha zenyewe zilikuwa za maboksi ya vipande vya kujengea banda la treni. Treni ndogo, zile za mezani. Wengine watacheka, mzee wa miaka sabini na kitu anacheza na treni. Mtaani walishacheka sana, wakachoka wenyewe.

Kijana wa Kiarusha na mlima wa chuma

Mzee huyu aliingia reli mwaka 1972, kijana wa miaka ishirini, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Akapelekwa Nairobi kujifunza ufundi wa vichwa vya treni.

Reli ya huku kwetu kaskazini ina historia ndefu. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na Waingereza wakaisogeza mpaka Arusha 1929. Ikaishia hapo. Ngaramtoni ipo kilomita kumi na kidogo tu kutoka mjini, lakini haijawahi kusikia treni ikipita. Kwa hiyo mtoto wa Ngaramtoni kwenda kuwa fundi wa treni lilikuwa jambo la kusimuliwa sokoni Alhamisi na Jumapili.

Nairobi alikutana na yale madude yaliyoitwa Garratt, daraja la 59. Yalikuwa 34 tu, yametengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Kila moja lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, likichoma mafuta mazito, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo liliitwa Mount Meru. Sasa piga picha: chalii wa Kiarusha, yuko mbali na kwao, ana kitambaa mkononi, anapangusa grisi kwenye kibao chenye jina la mlima aliokuwa anauona kila asubuhi akienda kuchunga.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, kila nchi ikabaki na kilichokuwa upande wake. Mzee akarudi na begi moja la nguo na spana moja kubwa. Akaendelea na Shirika la Reli Tanzania, Moshi na baadaye Tanga, mpaka akastaafu. Zile Garratt hakuziona tena zikifanya kazi. Moja yao, Mount Gelai namba 5918, imepumzika kwenye Makumbusho ya Reli pale Nairobi.

Oktoba 2020 treni ya abiria iliporudi Arusha baada ya miaka mingi ya kimya, mzee alivaa koti, akapanda daladala mpaka stesheni. Hakukata tiketi. Aliangalia, akasikiliza honi, akarudi nyumbani. Wiki ile ile akanunua karatasi nzima ya plaiwudi, futi nane kwa nne, akaiingiza kwenye chumba alichokuwa analala binti yake kabla hajaenda Marekani.

SGR imefika Ngaramtoni

Vifaa vya mwanzo vilitoka kwa binti: reli za kuunganisha, kichwa kimoja cha dizeli cha Kimarekani na mabehewa manne. Trafo ya kwanza ilikufa siku ya kwanza. Ya kule ni ya volti 120, na mzee kwa furaha aliichomeka moja kwa moja kwenye 230 za TANESCO. Ikatoa moshi. Mke wake akachungulia mlangoni, akasema, "Haya, sasa ndiyo limekuwa garimoshi kweli."

Treni hizo ni za kipimo cha 1 kwa 87, yaani kitu cha mita 87 unakifanya kiwe mita moja. Reli zake zina upana wa milimita 16.5. Mjukuu wake, yupo kidato cha tatu, alizidisha hiyo 16.5 kwa 87 akapata kama 1,435, ambao ni upana wa SGR. "Babu, Arusha mjini SGR haijafika, ila huku Ngaramtoni tayari!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Kuiiga sawasawa kungetaka reli za milimita 12, ambazo ni ghali na hazipatikani ovyo. Akakubali yaishe.

Jambo moja tu alikataa lisiishe. Garratt yake. Hiyo aliichonga mwenyewe kwa kipande cha mbao ya paini ya Olmotonyi, kwa kisu na msasa, mwaka mzima. Ya kweli ilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7. Gawanya kwa 87 unapata sentimita 36 na nusu. Ubavuni akaandika kwa rangi nyeupe, herufi za kubanana: MOUNT MERU. Haina mota, inasukumwa kwa kidole. Lakini ilihitaji mahali pa kulala, na hapo ndipo stori ya banda ilipoanza.

Kwa nini la mviringo?

Alipokwenda kumtembelea binti yake, siku moja walikwenda kwenye makumbusho ya reli ya B&O pale Baltimore. Kuna jengo la mwaka 1884, kubwa ajabu, lenye pande 22 na paa refu kama la kanisa. Februari 2003 theluji ililemea paa sehemu ikaanguka, wakalikarabati na kufungua tena 2004. Mzee alikaa kwenye benchi mle ndani saa mbili nzima. Binti alidhani amechoka.

Banda la mviringo linafanya kazi hivi. Katikati kuna meza ya duara, kama daraja fupi la reli linalozunguka ndani ya shimo. Kichwa cha treni kinapanda juu yake, meza inageuka mpaka inatazamana na mlango mmoja, kichwa kinaingia chumbani kwake. Vyumba vimeizunguka ile meza kama vipande vya chapati iliyokatwa.

Mabanda aliyofanyia kazi yeye yalikuwa ya kunyooka. Vichwa vinaingia vikifuatana kama watu kwenye foleni ya choo. Cha mbele kikiharibika, cha nyuma hata kiwe kizima namna gani hakitoki. Ujana wake wote aliusikia wimbo huo: sogeza hiki ili kitoke kile. Kumbe kuna watu waliishi na banda ambalo kila kichwa kina mlango wake!

Mjukuu alimbishia. "Lakini babu, wewe mwenyewe ulisema Garratt inakimbia mbele na nyuma sawasawa. Ya kugeuzwa na meza ya nini?"

"Kweli haihitaji," mzee akasema. "Mimi nahitaji."

Maboksi yenyewe

Sasa turudi kwenye zile picha tatu.

La kwanza lilikuwa la Walthers, kampuni ya Milwaukee iliyo kwenye biashara hii tangu 1932. Plastiki ngumu, milango mitatu, na ukitaka mingine unanunua vyumba vya kuongezea. Milango imepangwa kwa nyuzi 10, zile nyuzi za pembe za kwenye mkebe wa hesabu.

La pili lilikuwa la Ulaya, dogo, zuri, kuta za matofali mekundu na madirisha ya upinde. Nyuzi 15, na meza yake ya kuzungusha ilikuwa na sentimita 31.

La tatu lilikuwa la mbao zilizokatwa kwa mashine, nyembamba kama biskuti. Ukiliangalia unatamani kulilamba. Bei yake ilimfanya mzee arudishe simu kwa mke wake bila kuuliza swali.

Mtu asiyejua anadhani kuchagua boksi kama hili ni kuangalia picha ya juu. Mafundi wanauliza maswali matatu. Kichwa chako kirefu kuliko vyote kina urefu gani? Milango imepishana nyuzi ngapi? Na ubao wako umebakiza nafasi gani?

Swali la kwanza lililiua boksi la pili. Garratt ya sentimita 36 na nusu kwenye meza ya sentimita 31 ni sawa na kulaza mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto, miguu nje.

Swali la pili na la tatu yakalibana la kwanza. Nyuzi zikiwa chache, milango inabanana, kwa hiyo lazima banda lirudi nyuma ili kuta zisigongane. Ni kama watu wanaoota moto: wakitaka kukaa wengi, duara lazima lipanuke. Mlango wa sentimita saba ukipangwa kwa nyuzi 10 unakaa kama sentimita 40 kutoka katikati ya meza. Weka na chumba cha kulaza Garratt, sentimita 42. Weka na nusu ya meza upande wa pili. Tayari umepita mita moja. Kona iliyobaki kwenye plaiwudi ya mzee ilikuwa na sentimita 92.

Ili boksi la kwanza liingie, ubao ungeongezwa. Ubao ukiongezwa, kitanda kitoke. Na kitanda kile ni cha binti, kimetandikwa shuka safi tangu siku aliyoondoka.

"Akija atalala wapi?" mama akauliza.

Basi. Binti ndiye analipia banda, na banda ndilo linalomtoa binti chumbani. Mzee akawa anaangalia picha, anaangalia kitanda. "Mwambie nitamjibu kesho."

Maneno yanayopitia kwa mama

Kulikuwa na jambo lingine, na hili ndilo zito.

Mzee ana mtoto wa kiume pia, baba wa yule mjukuu. Ana gereji ya pikipiki barabarani, mwendo wa dakika kumi kwa mguu. Miaka mitatu walikuwa hawaongei. Kijana aliomba kipande cha shamba la barabarani kiuzwe afungue duka la spea. Mnajua bei za viwanja Ngaramtoni siku hizi. Mzee alikataa, na hilo ni haki yake. Ila alikataa mbele ya wakwe, kwa maneno haya: "Asiyejua kujenga hajui kuuza." Kijana akanyanyuka, akaaga vizuri, akaondoka. Tangu siku hiyo salamu zilipitia kwa mama.

Si salamu tu. Mbolea ya shamba, kwa mama. Bomba limepasuka, kwa mama. Binti akipiga kutoka Marekani, kwa mama. Mjukuu alikuwa anaingia nyumba zote mbili, lakini mtoto hatumwi maneno ya wakubwa.

Kijana aliposikia habari ya maboksi, alimwambia mama yake, "Yeyo, dada anatoa laki tano za kibanda cha plastiki? Mimi hapa najaza matairi kwa pampu ya mguu. Kompresa ni hiyo hiyo laki tano." Mama akayachuja njiani. Yalipofika kwa mzee yalikuwa, "Kijana anauliza kama hilo banda ni la lazima sana." Mzee naye akajibu vibaya, mama akachuja tena. Yalipofika gerejini yalikuwa, "Baba yako anasema atafikiria."

Miaka mitatu ya kuchuja. Hakuna aliyemuuliza kama anachoka.

Siku sita

Mwezi wa nane mama akaugua. Ilianza kama mafua, ikawa nimonia, akalazwa siku sita.

Siku hizo sita ndizo zilionyesha nyumba hiyo imejengwaje. Asubuhi ya kwanza uji ulifika wodini mara mbili, wa mzee na wa mke wa kijana, kwa saa ileile. Jioni haukufika wowote, kila mmoja akidhani mwenzake amepeleka. Binti alipiga simu siku mbili bila kupokelewa. Simu ya mama ilikuwa imezimika kwenye droo ya kabati, na namba ya baba hakuwa nayo. Hakuwahi kuihitaji. Mama ndiye alikuwa anampa simu aongee.

Siku ya tatu mzee na mwanawe walikaa benchi moja kwenye korido ya hospitali. Daktari akapita. Kila mmoja akangoja mwenzake aulize. Daktari akaenda zake. Aliyenyanyuka kumkimbilia ni yule mjukuu, na sare yake ya shule, akauliza, "Samahani dokta, bibi yangu anaendeleaje?"

Anaendelea vizuri, aliambiwa. Atarudi nyumbani. Watu wazima wawili walibaki wanaangalia sakafu.

Meza imestaafu

Wiki mbili baadaye mama alikuwa nyumbani, amepungua, na shuka mabegani. Mzee na mjukuu walikuwa chumba cha treni, wamekaa juu ya kitanda cha binti, wanabishana tena kuhusu maboksi.

"Babu, hili banda la mviringo halina ubaya wowote?"

"Lina ubaya mmoja," mzee akasema. "Meza ikikwama, imekwisha. Milango yote ni mizima, vichwa vyote ni vizima, lakini hakuna kinachotoka wala kinachoingia."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo mimi ndiyo hiyo meza yenu."

Hakuna aliyejibu.

"Basi meza imestaafu," akasema, akaweka chupa chini, akaenda kulala.

Mjukuu alijifanya anatafuta kikombe.

Na kweli, alistaafu. Kesho yake mzee alisema, "Mwambie kijana yule fundi bomba..." Mama akaendelea kuchambua maharage. Mzee akarudia. Mama akasema kwa upole, "Dakika kumi tu, mzee wangu. Tena ni mteremko."

La nne, lisilokuwa kwenye picha

Aliyeona njia ya kutoka ni yule mwanafunzi. Aliufungua mkebe wake wa hesabu juu ya plaiwudi, akachukua kipima pembe, futi kamba ya babu na penseli.

"Babu, mbona tunang'ang'ania kuchagua la mtu? Chukua nyuzi 15 za boksi la pili. Chukua urefu wa chumba wa Garratt yako. Meza tufanye sentimita 40." Akajumlisha: 27 mpaka mlangoni, 42 za chumba, 20 za nusu ya meza. "Themanini na tisa. Wewe una tisini na mbili."

Mzee alivaa miwani, akapima upya mara mbili. Themanini na tisa. Kitanda kinabaki mahali pake.

Kuta wangeweza kujenga kwa hadibodi na boksi gumu. Madirisha, plastiki ya chupa za maji. Matofali, kuchora kwa msumari kabla ya kupaka rangi. Mzee alijenga magari ya waya utotoni, ya kumfundisha hayo hayupo. Kitu kimoja tu hawakuwa nacho. Meza ya kuzunguka inataka beringi nzuri katikati, nyepesi, isiyocheza. Na beringi za namna hiyo, Ngaramtoni nzima, unazipata kwenye magurudumu ya pikipiki.

Mzee alimwangalia mke wake. Mke wake aliangalia mlima.

Mteremko

Alikwenda siku ya Jumatatu, siku isiyo ya soko, ili watu wasiwe wengi. Kijana alikuwa amepiga magoti kando ya bodaboda, anakanyaga pampu. Alipomwona baba yake alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kimya. Mwenye pikipiki akaona bora akanunue vocha.

"Nina shida na beringi," mzee akasema.

"Ya gari gani?"

"Ya meza." Akaeleza. Akachora na kijiti kwenye vumbi: shimo, daraja, milango mitatu. Kijana aliinama kuangalia. Ufundi una ugonjwa wake. Ukichora kitu mbele ya fundi, hawezi kukaa na hasira na kuangalia kwa wakati mmoja.

"Ndiyo lile banda la laki tano?"

"Hapana. Hili ni la bure, kama utanipa beringi."

Kijana akaingia ndani, akapekua kopo la mafuta machafu, akatoka na beringi ya gurudumu la mbele. Akaizungusha kwenye kidole, akaisikilizia sikioni, akairudisha, akaleta nyingine. "Hii haina kelele."

Mzee aliuliza bei. Aliambiwa hakuna bei. Akasimama pale muda kidogo, akaiangalia ile pampu ya mguu, akasema, "Lile neno la siku ile, mbele ya wakwe. Halikuwa la kusemwa."

"Yameshapita, baba," kijana akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye hayajapita lakini amefurahi kusikia.

Simu ya usiku

Usiku ule mzee alinakili namba ya binti kutoka kwenye simu ya mke wake, akaiandika kwenye daftari, akapiga mwenyewe kwa kitochi chake. Saa tatu usiku Ngaramtoni, kule bado mchana. Binti alipoona namba ya Tanzania asiyoijua aliogopa. "Yeyo kafanya nini?"

"Mama yako mzima, amelala. Ni mimi. Nimechagua."

"Lipi, baba?"

"Hakuna hata moja. Nitajenga. Niletee kitu kimoja tu." Akamweleza: meza ikigeuka nusu duara, reli ya chanya inakutana na ya hasi, inapiga shoti. Kuna kifaa kidogo kinachojua hilo na kubadilisha umeme chenyewe. Hicho hawezi kukitengeneza kwa chupa ya maji.

"Na zile hela nyingine?"

"Mpigie kaka yako, muulize mwenyewe gereji inahitaji nini. Namba yake unayo?"

Hakuwa nayo. Mzee akaisoma kutoka kwenye daftari, tarakimu moja moja, akarudia mara mbili.

Mpaka sasa

Msifikiri yameisha yote. Suala la shamba halijaguswa, na siku likiguswa huenda kukawa na kelele. Binti na kaka yake wameongea mara mbili, mara ya pili wakagombana kuhusu kompresa ya aina gani, lakini wamegombana wao kwa wao. Mama hakuitwa kuamua. Inasemekana alikuwa jikoni anakoroga loshoro, akawa anasikiliza tu.

Banda limefika nusu. Vyumba viwili vina paa, cha tatu bado. Jumapili moja walifanya jaribio la kwanza. Mount Meru ikasukumwa kwa kidole mpaka juu ya meza, meza ikazunguka taratibu bila kelele, ikafika mlango wa kwanza vizuri, ikakwama mlango wa pili.

Mzee akaanza kulaumu beringi. Kijana, ambaye alikuwa amekuja "kuchukua mtoto tu," aliinama, akaweka jicho usawa wa ubao.

"Beringi haina kosa, baba. Ubao umepinda. Tutie kabari hapa chini."

Wakatia kabari.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenye nyumba yako, nani ndiye meza? Na akikwama siku sita, nani ana namba ya nani?